Shati la Kuazima: Mtunzi na Haki ya Kumwandika Jirani

Ndugu msomaji, hebu tuanze na swali ambalo mimi binafsi nimelikwepa kwa miaka mingi. Mtu amekusimulia jambo la maisha yake, usiku, mmekaa barazani, taa imeshushwa utambi. Wewe ni mtunzi. Unakwenda nyumbani, unalilalia jambo lile, na asubuhi unalitia katika hadithi yako. Je, umeiba? Na kama umeiba, ukibadilisha jina la mwenyewe, unaacha kuwa mwizi?

Watunzi tunalo jibu letu la mfukoni. Tunaliandika hata kwenye ukurasa wa mwanzo wa kitabu, kwamba wahusika wote ni wa kubuni, na kama yuko mtu anayefanana nao basi imetokea tu. Tunaambukizana maneno hayo kitabu hadi kitabu kama dua. Huenda Dar es Salaam yanatosha, maana huko mtu hupanga chumba mwaka mzima asijue jirani yake anaitwa nani. Lakini kwetu huku, upande wa Msimbati, njia ya kutoka pwani kwenda mashambani hupita mbele ya mlango wa kila mtu. Jina ndicho kitu cha mwisho ambacho watu hukitumia kumtambua mtu. Humtambua kwa mwendo wake, kwa kikohozi chake, kwa kiraka cha mtumbwi wake, kwa deni analodaiwa dukani. Umwite Asha, umwite Zena, ni yule yule tu.

Nayajua haya kwa sababu yalinikuta. Hadithi yangu ya kwanza kuchapishwa ilimhusu mjane wa mvuvi, na mjane yule ni mama yangu mdogo. Mumewe alitoka alfajiri moja na mtumbwi, wakati wa kusi, hakurudi. Watu walikaa pwani siku tatu wakitazama upande wa mdomo wa Ruvuma, ambako maji ya mto huingia baharini yakiwa na rangi ya udongo. Wakati ule nilikuwa kijana wa sekondari. Miaka mingi baadaye mama mdogo alinisimulia mambo ya siku zile, na katikati ya masimulizi akataja neno moja juu ya marehemu, neno la ndani, ambalo hakuwa amelisema kwa mtu. Nililichukua. Nikambadilisha jina, nikampunguzia umri, nikamhamishia Mikindani. Hadithi ikapendwa. Waliisifu wakasema ina ukweli.

Kijijini ilifika nakala moja. Kwetu nakala moja husomwa na masikio mengi: mmoja anasoma, kumi wanasikiliza, na jalada huchanika kabla hadithi haijaisha. Hawajafika ukurasa wa nne, watu walikwisha kujua. Neno la ndani likawa neno la kisimani. Mama mdogo hakunigombeza. Alinyamaza tu. Nilipokwenda kijijini nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akainuka akaingia ndani. Ikawa hivyo kwa miaka miwili.

Neno lenyewe sitalitaja hapa. Msomaji atakayeona nimemnyima utamu, na anisamehe, au asinisamehe.

Katika miaka ile miwili nilijitetea sana moyoni. Nilisema: kazi ya fasihi ni kusema kweli. Nilisema: jambo lile lina funzo kwa jamii, na wako wajane wengine walio katika hali kama ile. Nilisema: kama kila mtunzi angeomba ruhusa, hakuna riwaya ambayo ingeandikwa. Hoja hizi si za kipuuzi, na nitazirudia. Lakini angalia jambo moja. Zote tatu zinahusu fasihi, jamii na riwaya. Hakuna hata moja inayomhusu mwanamke aliyeinuka akaingia ndani.

Tuanze na ile ya ruhusa, kwa sababu ndiyo yenye nguvu zaidi. Ni kweli kwamba wako watu ambao ukiwaomba ruhusa hawatakupa kamwe, na kwa kweli hawastahili kuombwa. Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka 1951, akiwa mtumishi katika serikali ya kikoloni, hakwenda kumwuliza bwana mkubwa yeyote kama angependa kuonekana humo. Alijenga nchi angani, akamweka Karama mbele ya baraza ajitetee kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, na kila aliyesoma kwa makini akajua mashtaka yale yanapatikana ardhini pia. Pale jina la kubuni lilikuwa ngao. Lilimlinda mnyonge mwenye kalamu dhidi ya mwenye nguvu mwenye gereza. Mwenye nguvu, hata hivyo, hakosi pa kujibia. Anayo magazeti, anayo mahakama, anazo sheria za kupiga vitabu marufuku.

Je, mama mdogo angenijibu wapi? Hana gazeti. Ana kisima na baraza, na huko nako nilikwisha kumharibia. Kwa hiyo nilichukua ngao ya Shaaban Robert nikaitumia kinyume. Nilijikinga mimi niliye na kalamu dhidi ya mtu asiyenayo. Kitendo ni kile kile, kubadili jina, lakini uadilifu wake unategemea nani anasimama upande gani wa ngao.

Wazee wetu wa huku walilifikiria jambo hili kabla ya riwaya kuja. Hebu tulitazame lipiko. Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma wanaijua ngoma hiyo: mchezaji huvaa kinyago kichwani, na mwili wake hufunikwa nguo usionekane. Kwa mila, siri ya kilichomo ndani ilikuwa ya wanaume waliopita jandoni, na wanawake na watoto waliambiwa kwamba anayecheza pale si mtu. Je, walisadiki? Mama anayemtambua mwanawe kwa kupiga chafya gizani, atashindwaje kumtambua kwa mguu wake uwanjani? Lakini hakusema. Kutosema kwake kulikuwa sehemu ya ngoma, kama vile msomaji anavyojua kwamba Rosa au Karama hajawahi kuzaliwa, na bado akalia naye.

Mapiko yaliigiza watu. Yaliigiza Wazungu, yaliigiza Wahindi wa madukani, yaliigiza wazee na wanawake, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kumwigiza mwenzako ni ugeni tulioletewa na vitabu. Lakini nionavyo mimi, kinyago kile hakikuwa ruhusa ya bure. Aliyekivaa alikuwa mtu wa pale pale. Kesho yake alikivua, akapita na jembe lake mbele ya milango ya watu, akaamkia na kuamkiwa. Kama jana alimdhihaki mfiwa, leo angelipa kwa macho ya watu. Kinyago kilificha uso wake kwa saa chache tu, deni lake hakikulificha kabisa.

Mimi nilivaa kinyago nikapanda basi. Hiyo ndiyo tofauti.

Sasa nieleze jinsi mama mdogo alivyovunja kimya chake, kwa sababu hapo ndipo nilipofundishwa kazi ya utunzi kuliko mahali pengine popote. Ilikuwa msimu wa korosho. Tulikuwa chini ya mkorosho tunaokota, yeye huku, mimi kule, hatusemeshani. Ghafla akasema bila kuinua kichwa:

"Mwanangu, katika kitabu chako nimelia sana."

Nikadhani anasema kilimliza. Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza.

"Sisemi kimeniliza. Nasema yule mwanamke wako analia mwanzo mpaka mwisho. Mimi siku ile nilicheka."

Akanisimulia. Siku ya tatu watu wamejaa uani, wanawake wako kwenye mikeka, wanaume nje. Akaja jirani mmoja kutoa pole. Akasimama mlangoni, akatoa pole yake vizuri, lakini macho yake hayakutulia, yanakwenda kwenye kamba ya nguo yanarudi. Mama mdogo akayafuata yale macho. Juu ya kamba pametundikwa shati jeupe la mikono mirefu. Marehemu alikuwa ameliazima kwa jirani yule siku ya Idi, na hakuwa amelirudisha. Sasa mwenye shati amekuja msibani, analiona shati lake, anaona haya kuliomba, na anaogopa kuondoka bila kuliomba. Mama mdogo akamtazama, akatazama shati, akaangua kicheko. Yule naye akacheka, hana la kufanya. Wakacheka mpaka wale wanawake wa kwenye mikeka wakadhani amerukwa na akili. Kisha akainuka, akalianua shati, akalikunja, akampa.

"Nilipolikunja," akasema, "ndipo nilipojua kwamba mume wangu amekufa. Kabla ya hapo nilikuwa nangoja tu."

Halafu akaendelea kuokota korosho. Mimi sikuweza.

Ndugu zangu watunzi, nimeisoma hadithi yangu mara nyingi tangu siku ile. Ina bahari iliyochafuka, ina ndege wa pwani wanaolia, ina kanga iliyolowa machozi. Haina shati. Nilikuwa nimechukua siri ya mtu, nikamvunjia heshima, na hata hivyo sikufika kwenye ukweli wake. Nilikuwa mwizi aliyeingia ndani akabeba kapu, kumbe mali iko chini ya kitanda. Ndipo nilipouona uhusiano ambao kabla ya hapo sikuwa nimeuona kati ya uadilifu na ufundi. Nilidhani ni mambo mawili: kwamba hadithi yangu ni nzuri kisanaa ila ina dosari ya kimaadili. La hasha. Dosari ilikuwa moja. Nilinakili nilichoambiwa, na pale nisipoambiwa nikajaza machozi ya kawaida, kwa sababu kila mtu anajua mjane hulia. Sikubuni chochote. Wizi wangu ulianzia pale pale ubunifu wangu ulipoishia.

Hebu nifafanue, kwa maana neno hili "kubuni" limechafuliwa. Watu wengi wanadhani kubuni ni kusema uongo, na kwamba hadithi "ya kweli" ina thamani kuliko ya kubuni. Ndiyo maana tunasifiana kwa kusema "hii ilitokea kweli". Lakini Wamakonde wanayo hadithi ya asili yao, ambayo inanifundisha kinyume. Kwa namna moja inavyosimuliwa, palikuwa na mtu mmoja aliyeishi peke yake porini, haogi wala hanyoi. Akachukua gogo akachonga umbo la mwanamke, akalisimamisha karibu naye. Usiku umbo likawa mtu, akawa mkewe. Wakashuka kwenda Ruvuma kuoga. Mtoto wao wa kwanza akazaliwa amekufa. Wakahamia juu kidogo, wa pili naye akafa. Wakapanda mpaka kwenye uwanda wa juu, penye vichaka vinene, na huko mtoto wa tatu akaishi.

Tazama vizuri. Mtu yule hakuwa na jirani wa kumnakili. Alichonga mtu asiyekuwepo, kwa sababu alimhitaji. Kinyago hakikupata uhai mkononi mwake, akiwa na kisu. Kilipata uhai usiku, alipokiacha. Kisha, kazi haikuisha pale. Mara mbili walizaa kilichokufa, mara mbili walihama, wakapanda mlima, ndipo kikaishi. Ningependa kila kijana anayeleta kwa mhariri mswada wake wa kwanza, wino haujakauka, aisikilize hadithi hii.

Mfano wa kitabu ninao pia. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Rosa Mistika mwaka 1971, na kelele zilipigwa. Kitabu kikazuiwa mashuleni kwa wakati. Nilipokisoma kwa mara ya kwanza nilifanya kama vijana wengi tulivyofanya, nikakimbilia kurasa zilizosemwa. Nilipokisoma mara ya pili, nikiwa na kosa langu kifuani, niliona kitu kingine. Sikupata haja ya kuuliza "Rosa ni binti wa nani hasa?" Zakaria, yule baba mlevi na mkali, anayemlinda binti kwa fimbo mpaka ulinzi wenyewe unamwangusha, ningeweza kumwonyesha kwa kidole katika vijiji vingi, na katika kila kijiji kidole changu kingekuwa kimekosea. Hapo hakuna mzazi mmoja aliyevuliwa nguo hadharani, lakini wazazi wengi, kila mmoja kwa nafasi yake, walijifunika. Hiyo ndiyo nguvu ya kubuni. Humgusa kila mtu bila kumpiga mawe mtu mmoja.

Ebrahim Hussein naye, mtu wa Kusini mwenzetu, mzaliwa wa Kilwa, alipoandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, alichukua jina la mtu halisi, Kinjeketile wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipoanza. Lakini aliwatahadharisha wasomaji wake kwamba Kinjeketile wa jukwaani si lazima awe yule wa historia. Alimpa mashaka ya moyoni ambayo hakuna shahidi aliyeyaona. Mimi nilifanya kinyume chake: nilibadili jina, nikaacha siri. Yeye aliliacha jina, akabuni moyo. Nadhani yeye ndiye aliyemheshimu marehemu.

Lakini hata ukibuni vizuri, bado unachukua kitu. Hakuna mtunzi anayeanzia hewani. Lugha uliikuta, vicheko uliviokota, kule kusitasita kwa mtu mlangoni ulikuona mahali. Kwa hiyo baada ya kuuliza "nimechukuaje?" linakuja swali la pili: "Ninarudisha nini?"

Sisi watu wa Mtwara swali hilo tunalijua kwa mlango mwingine. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982. Ulipotangazwa mpango wa bomba la kuipeleka Dar es Salaam, watu waliingia barabarani, Januari 2013 na tena Mei. Nyumba zilichomwa, watu walikufa. Bomba lilijengwa, likazinduliwa mwaka 2015. Sitaki kuifufua kesi ile hapa, ina pande zake na machungu yake. Nataka tu kukumbusha swali lililokuwa midomoni mwa watu wa kawaida, sokoni na kwenye vijiwe vya kahawa: kinachotoka kwetu kitaturudishia nini? Nami niliuliza swali hilo kwa sauti kubwa, nikiwa na hadithi ya mama mdogo tayari imekwishasafiri kwenda kuchapishwa. Bomba langu lilikuwa dogo, basi sikuliona.

Kabla ya gesi vilitoka vitu vingine. Mwaka 1906 alipita huku Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtu wa jumba la makumbusho la Leipzig. Alifika Masasi na Newala, alipiga picha, aliwaimbisha watu mbele ya mashine ya fonografu, alikusanya vinyago, akaondoka. Vita vya Maji Maji vilikuwa vingali vinafuka moshi. Na hapa niseme haki: ile hadithi ya mtu aliyechonga mkewe, yeye aliiandika, na bila maandishi yake wengine tusingeipata kwa urahisi hivi. Kwa hiyo sithubutu kusema kwamba kila achukuaye huharibu. Nasema tu kwamba walioimba mbele ya ile mashine hawakupata njia ya kusikia walichoandikwa, wala ya kusema, "Bwana, hapa umekosea, siku ile tulicheka."

Na siyo Wazungu peke yao. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar aliondoka akiwa kijana katika miaka ya 1960, akaandika Uingereza, kwa Kiingereza, juu ya watu wa pwani hii. Riwaya yake ya Paradise, yenye kijana Yusuf ambaye baba yake anamtoa kwa tajiri kufidia deni, ilitoka mwaka 1994. Mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel. Tafsiri ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitoka mwaka 2022. Hesabu mwenyewe: miaka 28. Simlaumu, kila mtu ana safari yake, na lugha ya kuandikia haichaguliwi kama kitambaa dukani. Lakini kitabu kile kiliporudi kwa lugha ya Yusuf, ndipo hatimaye wajukuu wa watu wa aina ya Yusuf walipoweza kukitia mkononi na kubishana nacho. Kurudi ni jambo kubwa. Ni nusu ya kazi.

Msomaji naye asidhani amesalimika. Sisi wasomaji tuna tabia ya upelelezi. Tunaifungua riwaya na swali la kwanza ni "Huyu ni nani hasa?" Tukipata jina tunafurahi, tunafunga kitabu. Kumbe tumekosa safari nzima. Kusoma hadithi ni kukubali kukaa katika nafsi ya mtu ambaye hukumjua, mpaka uone haya pale anapoona haya. Anayesoma ili amkamate jirani amesoma umbea wa jalada gumu. Wale waliolipeleka neno lile kisimani hawakuwa na hatia kuliko mimi, lakini nao walikuwa na mikono. Kitabu hakitembei chenyewe.

Mtaniuliza: sasa wewe unaandikaje? Sina sheria, ninazo tabia chache nilizozipata kwa gharama. Jambo nililoaminiwa kwa siri siliandiki, hata liwe na funzo kiasi gani. Kama funzo lina ukweli, lipo pia katika maisha ya watu wengine kumi, na kazi yangu ni kulitafuta huko, nichanganye, nichonge mtu wa kumi na moja ambaye hayupo. Nikimwandika mnyonge, najiuliza: siku hiyo alifanya nini ambacho mimi sikukitarajia? Nikikosa jibu, najua bado simjui, na kalamu naiweka chini. Nikimwandika mwenye nguvu, hapo simwombi mtu ruhusa. Na nikimaliza, naipeleka kazi nyumbani kwanza, naisoma kwa sauti chini ya mkorosho, kabla mhariri hajaiona. Mara nyingine najutia kuisoma. Inanilazimu kuanza upya.

Tabia hizi hazikulifuta nililolitenda. Neno lile bado liko kisimani. Siku moja nilimsikia mtoto mdogo, ambaye hata hakuwa amezaliwa wakati kitabu kinatoka, akilitaja katika mchezo bila kujua linamhusu nani. Mtunzi anaweza kufuta sentensi katika mswada mara mia, lakini iliyokwisha kuchapishwa haifutiki. Mchonga mpingo analijua hilo kuliko sisi: kipande kilichodondoka hakirudi gogoni.

Makala haya nayo niliyapeleka. Nilimwuliza mama mdogo kama naweza kuandika habari ya shati. Alifikiri. "Andika la shati," akasema, "lile jingine liache." Nikaandika, nikaenda nikamsomea yote, kuanzia taa ya barazani mpaka mpingo. Alisikiliza huku akimenya ming'oko, akacheka pale kwenye shati kama siku ile. Nilipomaliza akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Na mwenye shati, umemwomba?"

Sikuwa nimemwomba. Nilikuwa nimeandika makala mazima juu ya haki ya jirani, na jirani mwenyewe nikamsahau. Kesho yake asubuhi nilikwenda. Nilimkuta anaziba mtumbwi, mzee sasa, nikampa shikamoo, nikakaa mchangani, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kazi yake. Kisha akasema niandike tu, hana neno, ila kuna jambo moja nilisahihishe, kwa sababu watu watamfikiria vibaya, ati aliona haya juu ya kitambaa kibovu.

Basi, ndugu msomaji, shati lile lilikuwa jipya.